Timu ya Taifa kwa Mujibu wa Itifaki

Nchi hii haipo. Nalisema hilo mapema, tena kwa sauti, ili watu wa ofisi fulani wasipate taabu ya kuitafuta kwenye ramani, kisha wakaanza kunitafuta mimi. Inaitwa Jamhuri ya Tangamano. Ina bendera ya rangi tisa, maana kila mjumbe wa kamati ya bendera alikuja na rangi yake na hakuna aliyetaka kumuudhi mwenzake. Ina wimbo wa taifa wenye beti sita. Na ina sheria moja inayoheshimiwa kuliko Katiba, isemayo kwamba hakuna orodha ya majina itakayotoka ofisi yoyote ya serikali ikiwa jina la mdogo limetangulia jina la mkubwa.

Sheria nzuri kabisa, msiicheke. Hospitalini kwao wagonjwa hupangwa kwa vyeo, na mjumbe mwenye mafua huonwa kabla ya mama aliyeshikwa na uchungu. Shuleni matokeo ya mtihani hubandikwa ubaoni na anayeongoza siku zote ni mwalimu mkuu. Hata tangazo la msiba redioni huanza na Mkuu wa Mkoa, likashuka kwa Mkuu wa Wilaya, likashuka tena kwa diwani, na mwisho kabisa, kama muda umebaki, ndipo unapomsikia marehemu.

Katika nchi hiyo alikuwepo mtu mmoja aitwaye Chaurembo Kitwana, nahodha wa timu ya taifa ya raga. Nasema ile raga ya wachezaji saba kila upande, dakika saba nusu ya kwanza na saba nusu ya pili, ambayo ukitoka kwenda kununua karanga unarudi watu wameshavua viatu. Chaurembo alikuwa na miaka thelathini na mitatu na goti la kushoto lililokuwa likishikiliwa na bandeji. Miaka kumi alikuwa amefundisha vijana kwenye kiwanja kilicho nyuma ya machinjio ya mji, mahali ambapo mvua ikinyesha maji mekundu huja hadi mstari wa katikati, na nzi hukaa kwenye midomo ya watu bila woga. Serikali ilikuwa imeahidi kiwanja kingine. Ilikuwa imeahidi mara nne.

Basi hao vijana wa machinjio, bila kocha wa kulipwa wala maji ya kunywa, walishinda mashindano ya ukanda mzima na kupata tiketi ya Mashindano ya Dunia, nchi kumi na sita tu. Tangamano haikuwahi kufika huko tangu iumbwe. Mwenye mbio kuliko wote alikuwa Shaweji, kijana wa miaka ishirini, mchunaji ngozi hapo hapo machinjioni, ambaye akishika mpira hakuna mtu wa kumfikia, na kama yupo basi hajazaliwa katika ukanda ule.

Waandaaji wa mashindano wakatuma fomu. Ukurasa mmoja, mistari kumi na miwili, na juu yake imeandikwa kwa herufi kubwa: Majina ya Wachezaji.

* * *

Fomu ile ilitua mezani kwa Bwana Semkiwa, Afisa Itifaki Mwandamizi wa Wizara ya Michezo, Mila na Mshikamano. Huyu ni mtu ambaye akiingia nyumbani kwake husalimia watoto kwa kufuata tarehe za kuzaliwa. Aliifunua fomu, akakohoa, akachukua kalamu ya wino.

Mstari wa kwanza akamwandika Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Sambwana Mang'ondi, aliyetunukiwa udaktari na chuo kimoja cha ushonaji. Wa pili Naibu Waziri. Wa tatu Katibu Mkuu. Wa nne Mwenyekiti wa Chama cha Raga, mtu mwenye mzio wa nyasi. Akaendelea hivyo, mkurugenzi baada ya mkurugenzi, mpaka mstari wa kumi na moja alipomweka shemeji yake Waziri, Mshauri Maalumu wa Masuala ya Ushangiliaji. Ukabaki mstari mmoja. Bwana Semkiwa alijikuna, akafikiri, akaandika: Chaurembo Kitwana, kwa niaba ya wachezaji wote. Akagonga mihuri minne, akaituma, akaenda kunywa chai na roho nyeupe.

Viza nazo zilikuja kwa kufuata orodha. Kwa hiyo siku ya safari, uwanja wa ndege, vijana kumi na mmoja waliovaa suti za michezo zinazofanana walifika kwenye dirisha wakarudishwa mmoja mmoja na mabegi yao. Wakubwa walikuwa wameshapanda. Waziri alikuwa amepanda tangu saa iliyotangulia, na masufuria mawili ya pilau yalikuwa yamepewa kiti.

"Kundi la pili litafuata," alisema Bwana Semkiwa, akitabasamu kwa heshima zote.

Chaurembo alilijua kundi la pili la Tangamano. Kundi la pili la walimu lilikuwa likisubiriwa tangu utawala uliopita. Kundi la pili la dawa liliwakuta wagonjwa wameshapona kwa njia nyingine au wameshazikwa.

Shaweji alimfuata mpaka kwenye kamba ya kuzuia watu. "Kaka Chau, hii imekaaje?"

"Mtakuja kesho. Wamesema."

"Na tusipokuja?"

Chaurembo alimtazama. Kijana alikuwa amepiga viatu vyake rangi ya viatu vya ofisini, vile vya kuchezea, ili vionekane vipya.

"Nafasi yetu haitapotea," Chaurembo alisema. "Hilo nakuahidi mimi, si wao. Hata nikicheza peke yangu."

Mungu husikia mambo mengine haraka mno.

* * *

Huko ugenini walipokewa na mratibu wa mashindano, mama mmoja mwenye miwani na karatasi nyingi. Alisoma orodha, akainua macho akawatazama watu wale kumi na wawili, akayashusha, akaisoma tena. Mbele yake palikuwa na vitambi saba vya daraja la juu, bakora mbili, na mtu mmoja aliyekuwa akitafuna mguu wa kuku.

"Samahani," alisema. "Hawa ndio wachezaji?"

"Huu ni ujumbe," alijibu Bwana Semkiwa, aliyekuwemo mstari wa tisa.

"Mimi sina ujumbe. Nina wachezaji. Majina yalifungwa siku arobaini zilizopita, na ambaye hayumo haingii kiwanjani."

Chaurembo alisogea mbele. "Mama, kuna kosa limefanyika. Wachezaji wenyewe wako nyumbani. Wanaweza kufika kesho."

"Kosa nimelielewa," alisema yule mama, na alionekana kusikitika kweli. "Ila kanuni ni hiyo hiyo kwa wote. Mna mechi tatu. Timu isipotokea hata kwenye moja, nchi inafungiwa miaka minne."

Miaka minne! Chaurembo hakufikiria goti lake wala umri wake, alifikiria machinjio. Shaweji angekuwa na ishirini na minne, amefunga ndoa na harufu ya ngozi. Wengine wangekuwa walinzi wa maduka. Miaka minne ni mingi kwa mtu anayeishi kwa mbio. Akamgeukia Semkiwa.

"Bwana Semkiwa, fomu imeandikwa Majina ya Wachezaji. Ilikushinda nini kuandika wachezaji?"

Bwana Semkiwa aliudhika. Wallahi aliudhika kwa dhati, kama mtu aliyetukaniwa mama. "Nimwandike mchuna ngozi mstari wa kwanza? Haya, na Mheshimiwa nimweke wapi, nyuma ya karatasi?"

* * *

Ikabidi nahodha awaombe. Alikutana nao hotelini wakati wa chakula cha mchana, wakiwa wamejipanga mezani kwa kufuata vyeo, wakila ile nyama na mayai ambayo waandaaji walikuwa wamewawekea wachezaji. Aliwaeleza polepole. Waingie tu kiwanjani, saba kwa wakati mmoja. Wasimame. Dakika kumi na nne mara tatu, basi, nafasi ya taifa inapona.

"Tukimbie?" aliuliza Naibu Waziri, kijiko kikiwa hewani. "Mbele za watu?"

"Si lazima kukimbia, Mheshimiwa."

"Mimi nina mzio wa nyasi," alikumbusha Mwenyekiti wa Chama cha Raga.

Waziri aliweka uma chini. Alikuwa mnene wa heshima, mwenye sauti ya kufungulia mikutano. "Ndugu Nahodha," alisema, "serikali yangu ni sikivu. Lakini tujiulize kwa mapana na marefu. Mchezo huu una tija gani kwa mwananchi wa kawaida? Na je, upembuzi yakinifu umefanyika?"

"Mheshimiwa, wapo vijana kumi na mmoja..."

"Vijana ni taifa la kesho," Waziri alimkatiza. "Leo tupo sisi."

Wote wakapiga makofi, mmoja akatema kipande cha mfupa ili apige vizuri zaidi. Chaurembo alisimama pale na kofia mkononi. Alitaka kuwatapikia mezani, na hilo nalisema wazi kwa sababu ndivyo alivyotaka. Lakini akapiga magoti. Goti la kushoto lililia kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa meza.

"Nawaomba, wakubwa zangu. Kwa heshima yenu. Wale watoto watapotea."

Kilichowageuza hakikuwa magoti yake. Shemeji mtu, yule wa ushangiliaji, alimwinamia Waziri sikioni akamnong'oneza kwamba mechi zinaonyeshwa mubashara kwenye televisheni za nchi tisini, pamoja na nyumbani, na uchaguzi ni mwakani. Uso wa Waziri ukapata nuru ya ghafla.

"Nimetafakari," alisema. "Uzalendo hauna umri. Tutacheza."

Zikaletwa jezi. Zilikuwa zimeshonwa kwa vipimo vya wale vijana wa machinjio, watu wasio na nyama ya akiba. Hakuna iliyopita hata shingoni. Bwana Semkiwa akaleta mkasi. Chaurembo aliwaona wakiichukua jezi namba kumi na moja, yenye jina la Shaweji mgongoni, wakaipasua kutoka kolani mpaka chini, wakamvika Waziri kwa mbele, na nyuma wakaifunga kwa kamba za viatu. Jina la kijana lilikatika katikati, nusu ikabaki bega hili na nusu bega lile. Shemeji mtu alirudi nyuma hatua mbili, akasema imemkaa.

* * *

Nitazisema mechi kwa kifupi, maana nami nina tumbo.

Katika mechi ya kwanza walisisitiza beti zote sita za wimbo wa taifa. Wakati wa ubeti wa nne wapinzani walikaa chini. Wimbo ulipokwisha Waziri alitoa karatasi kwenye soksi akaanza: "Itifaki imezingatiwa..." Mwamuzi akapuliza filimbi. Waziri aliendelea kusoma. Alipofika "wageni waalikwa, mabibi na mabwana", Tangamano ilikuwa nyuma kwa pointi kumi na tisa. Naibu Waziri alipewa mpira na mpinzani mmoja mcheshi, akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamrudishia. Katibu Mkuu alikimbia hatua sita, akalala. Mwenyekiti alipiga chafya mfululizo mpaka akabebwa. Matokeo: sifuri kwa sabini na nne.

Mechi ya pili ilichezwa baada ya kifungua kinywa. Nitasema tu kwamba wakurugenzi wawili walikuwa wamekula mayai kumi na manane kwa pamoja, na kwamba mwamuzi alilazimika kusimamisha mchezo ili kona ile ya kiwanja imwagiwe mchanga. Wapinzani walipita mbali na kona hiyo, wakiwa wamebana pua, na bado walifunga watakavyo. Matokeo: sifuri kwa themanini na moja.

Waziri mwenyewe hakuguswa na mtu. Alichagua kusimama pembeni, karibu na mstari, palipokuwa na kivuli cha bango la tangazo, na mpira ulipokuja upande wake alisogea kwa adabu ukapita. Sheria ya raga ni kwamba anayekamatwa ni mwenye mpira. Asiyeshika mpira hana wa kumkamata. Mheshimiwa hakuijua sheria hiyo, kwa hiyo alihitimisha mwenyewe kwamba dunia nzima imemuogopa.

Chaurembo ndiye aliyecheza. Alikamata watu wa pande zote mbili za kiwanja, akaangushwa, akainuka, akakamata tena, mtu mmoja dhidi ya saba, mbele ya watu elfu arobaini waliokuwa wakicheka mpaka wakaacha kucheka. Kila alipoangushwa alihesabu dakika zilizobaki. Hakutaka kushinda. Alitaka filimbi ya mwisho, ili pale kwenye karatasi ya yule mama iandikwe kwamba Tangamano ilitokea.

Katika mechi ya tatu, zikiwa zimebaki sekunde chache, mpira ulimdondoka mpinzani mmoja aliyekuwa amechoka kwa kufunga. Chaurembo akauokota. Akaenda. Goti lilimwambia asiende, akaenda nalo likilalamika, mita sabini nzima, na uwanja wote ukasimama kumshangilia mtu wa nchi ambayo hakuna aliyejua iko wapi. Akavuka mstari, akaulaza mpira chini, naye akalala kando yake. Trai. Pointi tano za kwanza na za mwisho.

Alipofumbua macho aliona kivuli. Waziri alikuwa amefika, akitembea kwa mwendo wa kukagua gwaride. Alimsukuma Chaurembo kwa mguu, taratibu tu, akainama kwa msaada wa shemeji yake aliyeruka kutoka benchi, akaulalia mpira kwa tumbo, akainua kidole gumba mbele ya kamera.

Matokeo: tano kwa sitini na tisa.

* * *

Nyumbani siku hiyo ilitangazwa kuwa ya mapumziko. Gazeti la serikali lilitoka na picha moja ukurasa mzima, Mheshimiwa juu ya mpira, na maneno: WAZIRI AANDIKA HISTORIA. Pembeni ya picha ulionekana mguu wenye bandeji. Maelezo ya picha yalisema ni wa shabiki aliyezidiwa na furaha.

Bungeni Waziri alitoa taarifa rasmi, jezi ile iliyopasuliwa ikiwa juu ya suti.

"Mheshimiwa Spika, dunia hii ina nchi karibu mia mbili. Naomba Bunge lako tukufu lipokee kwamba Tangamano sasa ni ya kumi na sita duniani!"

Meza zikagongwa kama ngoma ya harusi.

"Mheshimiwa Spika, katika mechi tatu tulizoshiriki zilipatikana jumla ya pointi mia mbili ishirini na tisa. Hakuna nchi nyingine iliyochezewa mechi zenye pointi nyingi namna hiyo. Mchango wetu kwa mchezo huu unajieleza wenyewe."

Mbunge mmoja wa upinzani alisimama kuuliza zile pointi zilikuwa za nani. Spika alimwambia aipende nchi yake, na mbunge akakaa.

Wiki ileile ilikuja barua kutoka kwa yule mama mwenye miwani, ikielekezwa kwa Nahodha Chaurembo Kitwana. Ilikuwa fupi. Kwa kuwa Tangamano ilitokea kwenye mechi zake zote tatu, nafasi yake katika mashindano ya mwakani imehifadhiwa. Chini, kwa mkono, ameongeza: Leteni wale wengine, tafadhali.

Chaurembo aliipeleka barua kiwanjani mwenyewe, akichechemea. Wale vijana kumi na mmoja walikuwa wanafanya mazoezi kwenye yale maji mekundu kama kawaida. Aliisoma mara moja, akaombwa airudie. Shaweji alimbeba mgongoni, akazunguka naye kiwanja kizima, nzi wakiwafuata.

"Ulisema, kaka Chau! Ulisema haitapotea!"

"Niteremshe, goti," alisema Chaurembo, naye alikuwa analia bila kuona haya.

Furaha hiyo ilidumu siku tisa.

* * *

Siku ya kumi ilitoka waraka. Nitawanukulia, maana ukiusimulia kwa maneno yako watu watasema umeongeza chumvi. "Kwa kuzingatia hadhi mpya ya Taifa duniani, kuanzia sasa mchezaji wa timu ya taifa ya raga sharti awe na uzoefu usiopungua mechi tatu za Mashindano ya Dunia. Serikali haitapeleka vijana wasio na uzoefu kwenye medani ya kimataifa. Imetiwa saini: Semkiwa, kwa niaba ya Waziri."

Katika Jamhuri nzima ya Tangamano watu wenye uzoefu huo walikuwa kumi na wawili. Mnawajua.

Chaurembo alikwenda wizarani. Alingoja tangu asubuhi mpaka alasiri, akapangwa nyuma ya watu waliokuja baada yake lakini wamemzidi cheo. Waziri alimpokea akiwa amekaa, jezi imetundikwa ukutani ndani ya kioo.

"Mheshimiwa, wale vijana ndio walioipata ile nafasi. Mimi niliilinda kwa ajili yao."

"Na umefanya kazi nzuri sana ya kuilinda," Waziri alisema. "Ndiyo maana wewe umo. Mstari wa kumi na mbili ni wako wa kudumu."

"Na wao?"

"Wakapate uzoefu kwanza."

"Wapi, Mheshimiwa, kama hawaruhusiwi kwenda?"

Waziri alicheka kwa upole, kama mzazi. "Ndugu Nahodha, maswali hayo ni ya kitaalamu. Nitaunda kamati. Kwanza tuna mazoezi Jumamosi, na hao vijana wako nimewapa fursa. Watakuwa wapinzani wetu wa mazoezi. Waambie waje na nidhamu."

Chaurembo alitoka nje, akashika ukuta wa wizara, akatapika. Askari wa getini alimwambia hapo haparuhusiwi.

Jumamosi alasiri machinjio yalifungwa kwa ajili ya ugeni. Lilitandikwa zulia jekundu kutoka kwenye magari hadi mstari wa pembeni, ingawa rangi ya ardhi ile ilikuwa haipishani sana na zulia. Bwana Semkiwa aliwapanga vijana kwa mstari akawasomea maelekezo. Kwanza, anapokuja Mheshimiwa na mpira, mchezaji atasimama kando na kuweka mikono nyuma. Pili, hakuna kumgusa, kumkaribia wala kumpumulia. Tatu, akifunga, watapiga makofi.

Vijana walikuwa wakimtazama nahodha wao, aliyesimama upande wa pili katikati ya vitambi, amevaa jezi namba kumi na mbili. Shaweji alimtazama mara moja tu, kisha akayaelekeza macho yake chini kwenye viatu vyake. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Ilikuwa aibu, tena aibu ya kumwonea mtu mwingine, na Chaurembo akaona bora angetukanwa.

Dereva wa wizara akapuliza filimbi. Waziri akapewa mpira mkononi, kwa mara ya kwanza tangu awe mchezaji wa kimataifa, akaanza kukimbia. Tuseme kukimbia. Tumbo lilitangulia, yeye akalifuata. Kijana wa kwanza akasimama kando, mikono nyuma. Wa pili kando, mikono nyuma. Wakurugenzi wakapiga kelele: "Hakamatiki! Hakamatiki huyu!" Wa tatu kando. Shemeji mtu alikuwa ameshaanza kushangilia.

Chaurembo alivua jezi. Aliitupa matopeni, akavuka mstari wa katikati akichechemea, akawapita vijana wake mmoja mmoja, akasimama peke yake mbele ya lango.

"Ndugu Nahodha," Bwana Semkiwa aliita, "uko upande usio wako!"

Chaurembo hakugeuka. Aliinama. Alingoja mpaka Mheshimiwa akafika karibu kiasi cha kusikia anavyohema, akaingia chini ya lile tumbo kwa bega, akamkumbatia mapaja kwa mikono miwili, vile vile alivyowafundisha vijana miaka kumi, kichwa pembeni, mgongo umenyooka. Akamnyanyua. Akamlaza. Yale maji mekundu yaliruka pande zote na zulia likalowa.

Dereva alikuwa na filimbi mdomoni na hakujua kama apulize au avute pumzi. Akamtazama Semkiwa. Semkiwa akatazama maelekezo yake, akageuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma.

Waziri alikuwa amelala chali, nzi wameshafika usoni. Hakuumia. Alikuwa ameshangaa tu, ameshangaa kama mtoto mchanga aliyepigwa na upepo kwa mara ya kwanza.

"Hii," alisema, "hii inaruhusiwa?"

Shaweji ndiye aliyekuwa karibu. Alitoa mikono mgongoni.

"Ndiyo mchezo wenyewe, Mheshimiwa," alisema.

Kisha akainama, akauokota mpira uliokuwa umeachwa matopeni, na kuondoka nao. Vijana wengine kumi wakamfuata kwa mkondo, wakipasiana. Chaurembo alibaki chini, goti limekwisha kabisa safari hii, akageuza shingo ili awaone wanavyokwenda. Wazoefu kumi wa kimataifa walibaki wamesimama kwa kufuata vyeo, wakingoja kuambiwa wakimbilie upande gani.